Nahama Vigo kwenda Revo: kanopi, ngao na ringi za zamani nivue au niache?

Daktari wa Mbuzi (mwenye uzi)
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijapoteza pesa.

Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2008, injini 1KD, nimekaa nayo miaka tisa. Kazi yangu ni dawa na chanjo za mifugo, nazunguka Karatu, Mang'ola hadi Yaeda Chini. Aliyepita Mang'ola kiangazi analijua lile vumbi. Sasa nimepata Hilux Revo, toleo lililofuata baada ya Vigo, ya 2017 yenye injini ya 2.8, bei tumeshakubaliana.

Kinachonitatiza ni vifaa. Vigo ina kanopi ya faiba ya kufunika sehemu ya mzigo, ngao ya chuma ya mbele yenye winchi ya kujivuta ukikwama, snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kwa juu), keria, taa mbili za spoti, friji ya chanjo ya volti 12 na betri yake ya pili, sanduku la droo nililochongewa na fundi, na ringi za alumini inchi 17 zenye tairi 265/65 ambazo hazijamaliza mwaka.

Kanopi ndiyo inaniuma. Mwanzoni nilikuwa nafunika mzigo kwa turubai, masika ikaingia maji, katoni tatu za dawa zikalowa na nikazilipa mwenyewe. Nilidunduliza miezi minane kuipata hiyo kanopi. Mnunuzi wa Vigo anasema nikimwachia kila kitu ataongeza milioni mbili na nusu. Nifanyeje?

Fundi Bodi
Pole kwa zile katoni mkuu, lakini kanopi iache. Revo ilipotoka 2015 bodi ilichorwa upya kabisa. Ukiweka kanopi ya Vigo juu yake, kingo zinapishana na upande wa kioo cha kebini panabaki uwazi. Wapo wanaoziba kwa raba na silikoni. Nimeletewa mbili za namna hiyo: kwenye barabara ya rafu kanopi inacheza, silikoni inaachia, vumbi linaingia, halafu faiba inaanza kupasuka pale penye boliti. Kwa mtu anayebeba dawa siishauri.

Tena iuze ikiwa juu ya gari. Kanopi ikishavuliwa na kulala uani, kumpata mwenye Vigo ya aina ileile anayeihitaji ni kazi.

Snokeli nayo iache. Bawa la mbele (fenda) la Revo lina umbo lingine, na ukiivua Vigo inabaki na tundu ubavuni. Utamwuzia nani gari lenye tundu?

Mzee wa Chasisi
Naongezea kwenye ngao. Ya Vigo inakaa kwenye ncha za chasisi kwa mabano yake maalumu. Asitokee mtu akakwambia anakata na kuchomelea mapya. Revo ina sensa za eabegi mbele, na ngao ya kubahatisha inabadilisha jinsi kishindo kinavyofika kwenye zile sensa. Hapo tunazungumzia uhai wa abiria wako.

Kuna jambo lingine wengi hawaliangalii. Boneti ya Vigo yako ina ule mdomo wa kuingiza hewa kwa sababu intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini. Revo haina mdomo, intakula iko mbele, nyuma ya grili. Ukijaza winchi, taa na namba ya gari palepale mbele, unaziba hewa inayopoza intakula. Ukipanda kutoka Mto wa Mbu na mzigo, injini italalamika. Tafuta ngao iliyotengenezwa kwa Revo, yenye uwazi wa kutosha.

Winchi yenyewe vua, hiyo ni mali yako. Winchi nyingi za ukubwa wa kati zina matundu manne, milimita 254 kwa 114. Pima yako, kisha nunua ngao yenye kitako cha vipimo hivyo. Na kama Vigo uliongeza springi za nyuma, ziache; za Revo ni ndefu zaidi.

Mama Vitunguu
Mdogo wangu, chukua hiyo milioni mbili na nusu uachane na usumbufu. Vitu vya zamani vitakula muda wako kwa mafundi.

Daktari wa Mbuzi
Dada nakuelewa, ila tairi nne peke yake na friji vinazidi hiyo pesa. Ringi je, zitaingia? Revo imekuja na ringi za chuma.

Fundi Bodi
Zitaingia. Zote mbili ni nati sita, duara la milimita 139.7. Ila angalia nati zenyewe. Ringi ya chuma inatumia nati yenye ncha ya mviringo kama koni. Ringi ya alumini ya kiwandani inataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukifunga alumini kwa nati za koni zitakaza, utaona sawa, kumbe zimeshika ukingo tu wa tundu. Baada ya rafu zinalegea. Kwa hiyo ukivua ringi, vua na nati zake, na umwachie mnunuzi ringi za chuma za Revo na nati zake.

Kijana wa Umeme
Taa, friji na betri ni volti 12, hamisha. Nyaya za zamani usihamishe. Mimi niliwahi kufungiwa taa za spoti kwa umeme uliochukuliwa moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa. Usiku njiani nikasikia harufu, kufungua boneti waya umeyeyuka. Umeme utoke kwenye betri, fyuzi iwe karibu na betri, upite kwenye rilei, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo. Waya wa taa kubwa uiwashe rilei tu.

Daktari wa Mbuzi
Mrejesho, wakuu. Vigo imeondoka na kanopi, ngao, snokeli na keria, mnunuzi akaongeza milioni moja na laki nane. Nimebaki na winchi, ringi na nati zake, taa, friji na betri. Sanduku la droo nilipima kati ya matao ya matairi, fundi akapunguza ubao wa upande mmoja kidogo, limekaa.

Kwa sasa friji nimeifunga kwa mkanda kiti cha nyuma, sitaki chanjo zikae chini ya turubai tena. Mwenye kanopi ya Revo dabo kebini iliyotumika, Arusha au Manyara, aandike hapa na picha ya kingo zake.