MJADALA: Makao ya wazee yawe pia sehemu za kufundishia na za utafiti?

Mleta mada:

Wadau, hili tunalisema kila siku kwenye zamu lakini vikaoni halifiki. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia wanafunzwa karibu kila kitu kwenye hospitali kubwa, kwa mgonjwa anayelazwa siku chache akaruhusiwa. Kisha wanapangiwa kazi kwa mzee mwenye maradhi manne matano kwa pamoja na mfuko mzima wa dawa, ambaye haombi kupona, anaomba tu aweze kwenda chooni mwenyewe. Hilo hakuna aliyewafundisha.

Msimamo wangu: makao ya wazee na wodi za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia, zifanywe sehemu rasmi za kufundishia na kutafitia, zipewe wakufunzi na watafiti wake, na fungu la kazi hiyo litengwe sasa hivi, hata kama wahudumu bado hawatoshi. Najua hapo mwisho nitawaudhi wengi.

Taaluma yenyewe ya tiba ya wazee ilianzia huko huko. Mwaka 1935 Dkt. Marjory Warren wa West Middlesex Hospital, London, alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 kutoka hospitali ya jirani ya mafukara, wengi wao wazee walioachwa kitandani bila hata kuchunguzwa. Akawapima mmoja mmoja, akawatenga kwa hali zao, akawaanzishia mazoezi. Waliodhaniwa hawatainuka tena wakainuka, na baadhi wakarudi makwao. Mwaka 1943 na 1946 akayachapisha kwenye majarida ya tiba. Asingeandika, yangeishia kwenye wodi zake.

Na anayesema wazee wanahitaji huruma tu, aangalie utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa wa kiharusi 2,104 katika nchi 5. Wengi wetu tuliamini kwamba ukimwamsha mgonjwa ndani ya saa 24 na kumsimamisha mara nyingi, ndiyo unamsaidia. Baada ya miezi 3, walioamshwa hivyo walikuwa na hali mbaya kidogo kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Tulikuwa tunawaharakisha kwa moyo mweupe kabisa. Bila kupima, tungeendelea hadi leo.

Muuguzi wa zamu ya usiku:

Mleta mada, nakuheshimu, lakini hapo kwenye "hata kama wahudumu hawatoshi" sikubaliani nawe hata kidogo. Wanafunzi wakiletwa, anayewafundisha ni mimi, na wazee wangu wananisubiri vilevile. Hakuna anayeniongezea hata dakika. Watafiti nao huja na madodoso, wakachukua walichotaka, wakaondoka. Majibu sijawahi kuyaona.

Kuna hili pia. Mtafiti alikuwa akimhoji bibi mwenye demensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na ufahamu, ambaye maneno yalikwisha kumpotea. Kila alipomshika kiganja kumpima nguvu za mkono, bibi aliuvuta mkono na kuuficha chini ya shuka. Mara tatu. Nikachungulia fomu: "hakujibu". Jamani, alikuwa amejibu. Kabla hamjageuza makao kuwa darasa, niambieni nani atamlinda huyo.

Mwanafunzi wa fiziotherapia, mwaka wa mwisho:

Dada muuguzi ana haki, lakini naomba niseme nilichopata. Nilikaa wiki 6 kwenye makao ya wazee. Mzee mmoja alikuwa na sifa moja kwenye faili: "hawezi kusimama bila msaada". Nilikwenda kumfanyia kipimo kile cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, huku unahesabu sekunde. Alishindwa kuinuka. Mkufunzi wangu akaniambia, achana na saa, tazama magoti. Magoti yalikuwa juu kuliko nyonga. Kiti kilikuwa kifupi mno na mto wake umebonyea. Tukamtafutia kiti kirefu chenye mikono. Akajiinua mwenyewe, akabaki amesimama, anatutazama. Hospitalini nilikotoka, viti vyote vilikuwa na kimo kizuri. Kosa kama lile nisingeliona hata ningesoma miaka 10.

Mchangiaji mwingine:

Mimi bado naona hospitali kubwa ndizo zenye vifaa na maprofesa. Wazee wapelekwe huko.

Mleta mada:

Huyo wa mwisho ajibiwe na kile kiti.

Dada yangu, habari ya mkono chini ya shuka imenikaa moyoni. Naikubali kama sharti: mzee akiuvuta mkono au akigeuza uso, amekataa, na ridhaa ya ndugu haiwezi kufuta kukataa kwake. Mwanafunzi asihesabiwe kama mfanyakazi kwenye ratiba. Na saa za kufundisha ziandikwe kama kazi, zilipwe.

Ila kusubiri hadi wahudumu watoshe, hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wa miaka 60 na zaidi, waliokuwa bilioni 1 mwaka 2020, watafika bilioni 2.1 mwaka 2050. Siku ya kutosha haitakuja yenyewe. Na hilo la watafiti wa kuja na kuondoka lina dawa yake: huko Limburg, Uholanzi, tangu 1998 chuo kikuu cha Maastricht kinashirikiana na taasisi za kulea wazee, ambapo mtafiti anakuwa kazini ndani ya taasisi siku 1 kila wiki, na taasisi nayo inamtoa mtu wake wa kushirikiana naye. Maswali yanatoka kwa wahudumu pia. Wewe ungepewa nafasi, ungeuliza nini?

Muuguzi wa zamu ya usiku:

Kuwageuza. Saa 8 usiku namwamsha mtu aliyepata usingizi kwa taabu, nimgeuze asipate vidonda vya mgandamizo. Kila saa 2, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa nini 2?

Mleta mada:

Hilo limewahi kupimwa. Utafiti wa TURN, 2013, wazee 942 kwenye makao 27 ya Marekani na Kanada: waliogeuzwa kila saa 2, 3 au 4 hawakutofautiana kwa vidonda. Lakini wote walilalia magodoro ya sponji nzito ya kupunguza mgandamizo.

Muuguzi wa zamu ya usiku:

Yetu siyo hayo. Basi nataka kujua kwa magodoro yetu haya haya. Ila saa yangu iandikwe kwanza kwenye ratiba.