Majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta: wanafunzi wanachangamka, lakini uelewa haubadiliki

Mwalimu wa Umeme

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha fizikia, na kwa muda sasa nimekuwa nikitumia programu za uigaji za PhET, mradi ulioasisiwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani. Ninayoitumia zaidi ni ile inayomwezesha mwanafunzi kuunda saketi kwa kuburuta betri, nyaya na balbu kwenye kioo cha kompyuta. Darasa huchangamka kweli. Hata hivyo, mwisho wa kipindi nikiuliza kwa nini balbu mbili zilizounganishwa kwa mfululizo hufifia, wengi hunijibu kwamba balbu ya kwanza hula umeme na kuibakishia ya pili kidogo, yaani jibu lilelile ambalo wangenipa kabla ya kugusa kompyuta.

Aidha, muda mwingi huishia katika kuunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine ili waione betri ikiwaka moto. Kompyuta zenyewe ni chache, kila moja huzungukwa na kikundi, na aliyeshika kipanya ndiye pekee anayefanya kazi. Intaneti nayo hukatika katikati ya kipindi. Je, mnaziongozaje zana hizi ili zifundishe, au ni afadhali nirudi kwenye ubao?

Chaki na Kioo

Mwalimu, usirudi kwenye ubao kwa sababu hiyo. Ninavyoona, wanafunzi wako wanaiona saketi ikifanya kazi kabla hawajalazimika kusema wanatarajia nini, na mtu asiyetarajia chochote hawezi kushangazwa na chochote.

Jaribu hivi. Kompyuta zikiwa bado zimefunikwa, chora ubaoni betri ya volti 9 na balbu mbili zilizo katika mfululizo, kila moja ikiwa na ukinzani (kiasi inachouzuia umeme kupita) wa omu 10. Weka alama mahali patatu: kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu hizo, na baada ya ya pili. Kila mwanafunzi aandike daftarini, kwa kalamu isiyofutika, ameta, yaani kipimo cha mkondo wa umeme unaopita, itasoma nini katika kila mahali. Wale wanaoamini kwamba balbu ya kwanza inakula umeme wataandika tarakimu zinazopungua. Wakifungua programu na kuweka ameta, watakuta ampea 0.45 mahali pote patatu, na watakuta pia kwamba balbu zote mbili zinang'aa sawasawa. Hapo ndipo uwaulize: kama ya kwanza imekula, mbona ya pili haijafifia zaidi yake? Usiwape jibu upesi. Waache wabishane, kisha wafikie wenyewe hoja kwamba ukinzani wa saketi nzima umeongezeka maradufu, ndiyo maana mkondo umeshuka kutoka ampea 0.9 ya balbu moja, nao umeshuka kila mahali kwa pamoja.

Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alieneza utaratibu unaofanana na huo tangu miaka ya 1990: mwanafunzi hujibu peke yake, hujadiliana na jirani yake, kisha hujibu tena. Kura yenyewe haihitaji kifaa chochote, kwani vidole vinatosha, mradi vinyanyuliwe kwa wakati mmoja ili wasiigane.

Kuhusu moto wa betri, mimi singeuzuia, kwa sababu hakuna mahali pengine salama pa kuuona. Ila nao waukadirie kwanza: volti 9 zikigawanywa kwa ukinzani unaokaribia sifuri, mkondo utakuwa kiasi gani? Atakayeweza kujibu hilo na aichome betri yake.

Fundi wa Maabara

Nitajibu upande wa vifaa tu. Matoleo mapya ya programu hizo hufunguka kwenye kivinjari cha kawaida, hayadai akaunti wala taarifa za mwanafunzi, na yanaweza kupakuliwa mara moja kisha yakatumika bila intaneti. Ukitaka mkusanyiko mpana zaidi, tafuta Kolibri, programu ya maktaba ya masomo ya kidijitali, ambayo husakinishwa kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vikaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani hata kama shule haina intaneti kabisa. Kwa upande wa marejeo, Kiwix hufanya kazi kama hiyo kwa Wikipedia. Pakua mapema, na ujaribu faili kwenye kompyuta zilezile zitakazotumika darasani, si kwenye yako ya nyumbani.

Kuhusu kipanya, sisi tuna kanuni moja: anayekishika haruhusiwi kuamua. Anatekeleza yale ambayo wenzake wanamwelekeza kwa maneno, na kipanya huzunguka kila saketi mpya inapoanza. Mwanafunzi anayelazimika kusema "unganisha baina ya balbu na swichi" anafikiri zaidi kuliko anayebofya.

Mkongwe wa Darasa

Mimi nina shaka kidogo. Vifaa vikiingia darasani bila mafunzo ya kutosha kwa mwalimu, mara nyingi huongeza shughuli bila kuongeza elimu. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi mno, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona tofauti katika alama zao za hisabati na lugha. Isitoshe, balbu ya kawaida ya kwenye kioo ina ukinzani usiobadilika, ilhali uzi wa balbu halisi ukipata joto ukinzani wake hupanda. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika waya uliolegea, akatafuta mwenyewe kwa nini taa haiwaki, hajasoma umeme bado.

Mwalimu wa Umeme

Ninawashukuru. Nitaanza na makadirio ya kalamu na kanuni ya kipanya. Maelezo ya Mkongwe yameniachia swali moja: ikiwa ninazo balbu na betri halisi za kutosha kikundi kimoja au viwili tu, zitangulie kioo au zifuate?

Chaki na Kioo

Zitangulie, hata kama ni kwa onyesho la mbele ya darasa. Mkongwe ana haki katika hilo, ingawa tathmini ya Peru naiona kuwa hoja dhidi ya ugawaji wa mashine, si dhidi ya kipindi kilichopangwa. Wakishaiona balbu halisi ikififia, kioo kitawaonyesha kile ambacho jicho haliwezi kukiona.

Jihadhari na jambo moja. Programu ile huchora elektroni zikitembea ndani ya waya, na wapo watakaodhani kwamba taa husubiri elektroni zisafiri kutoka kwenye betri. Elektroni husogea polepole sana, pengine hata chini ya milimita moja kwa sekunde, lakini waya mzima tayari umejaa elektroni, nazo huanza kusogea karibu kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla hawajafunga swichi, waulize ni balbu ipi itakayotangulia kuwaka, iliyo karibu na betri au iliyo mbali, na waandike.