Mrejesho: matibabu na fidia ya dada yangu, Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza dada yangu mdogo, aliyebakwa na watu wenye silaha, atapata wapi matibabu na fidia. Aksanti sana kwa majibu. Tulikimbilia hospitali ya Panzi kabla ya saa 72 kuisha, akapewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, hatukulipa hata franka moja. Cheti cha daktari nimekifunga ndani ya plastiki, kiko chini ya godoro la mama. Kisipotee! Avoka, yaani wakili, anasema tuingie kwenye kesi kama parti sivile, yaani upande wa mwathirika unaodai fidia ndani ya kesi ya jinai, ndipo tudai fidia. Kwa waathirika wa vita kuna pia FONAREV, mfuko wa serikali unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Pesa bado. Jana dada alisonga bugali mwenyewe, akala.