Naomba ushauri: kulinganisha kiimbo cha Kiingereza na Kiuzbeki
Wakuu, heshima kwenu. Nalinganisha kazi ya kiimbo (kupanda na kushuka kwa sauti) kimtindo katika Kiingereza na Kiuzbeki, nimekwama kwenye kipimo.

Kiingereza huibebesha sauti mzigo mkubwa: "It's good" ikishuka mwishoni ni sifa, ikishuka kisha ikapanda, msikilizaji anasubiri "lakini". Kiuzbeki kina viambishi vya kusaidia. Swali la ndiyo au hapana huchukua -mi: keldimi, yaani "je, alikuja?", na mkazo hubaki kabla ya hiyo -mi. Keldi-ku ni "mbona alikuja!" Basi ukipima mkondo wa sauti peke yake, Kiuzbeki kitaonekana kimepooza bure.

Kwenye Praat, programu ya kompyuta ya kuchanganua sauti, naweka mipaka ya kupanda na kushuka kwa sauti: 75–300 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwa wanaume, 100–500 kwa wanawake, kisha nageuza Hz kuwa nusutoni, hatua ndogo za sauti kama za muziki. Bila hivyo sauti nyembamba huonekana ina hisia zaidi. Konsonanti kama k na t hukata mstari wa kiimbo kwenye grafu, hivyo sentensi za majaribio nazijaza m, n na l.

Sasa, sentensi zenye -ku nizilinganishe na zipi za Kiingereza? Na wasikilizaji wa majaribio wapime kama sauti ina kejeli kabla ya kusoma muktadha wa sentensi, au baada?