Fundi katoboa pikipiki yangu kama chujio ili apunguze gramu 640, kikanyagio kimekatika nikiwa juu ya jiwe

Wakuu, naandika kifundo cha mguu kikiwa kimefungwa bandeji, na hasira niliyo nayo siku tatu hazijaipunguza hata kidogo. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa picha za "kazi safi" za pikipiki zilizotobolewa matundu, kwa sababu ule uzi ndio ulionifikisha hapa.

Kwa wasioifahamu, pikipiki ya trayali ni ile nyembamba isiyo na kiti. Unaiendesha umesimama, unapanda miamba na magogo, kila ukiweka mguu chini unaandikiwa alama 1 hadi zifike 3, ukishindwa kabisa unaandikiwa 5, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Nyingi za kisasa zina kilo 65 hadi 70 hivi. Mashine hiyo unaiinua, unairusha na kuizungusha kwa mikono na mapaja siku nzima, kwa hiyo mtu akihangaikia gramu usimshangae. Mimi nilihangaika, nikampelekea fundi ambaye humu anamwagiwa sifa. Nikamwambia neno moja tu: punguza uzito, nguvu usiguse.

Ikarudi inang'aa. Matundu kila mahali, yamepangwa vizuri, kingo zimepigwa msasa. Akaniambia zimetoka gramu 640, nikalipa.

Sasa nianze na kikanyagio, maana ndicho kilichonimwaga. Kile kishikio cha alumini kinachobeba kikanyagio kinabeba mwili wangu wote, kilo 78, tena si kwa kusimama tu. Ukishuka jiwe la mita moja mzigo unaruka mara kadhaa kwa kishindo. Yeye akatoboa matundu matatu kila upande. Unajua amepata nini? Gramu 19 kwa kila kishikio! Bamba linalovutwa likiwa na tundu la duara, ukingo wa tundu lile unabeba msongo wa karibu mara 3 ya sehemu nyingine ya bamba. Na alumini si kama chuma: haina kiwango cha chini ambacho ukikaa chini yake haichoki. Kila ukishuka jiwe inahesabu.

Nimekishika hapa kipande kilichokatika. Ufa umeanzia ukingoni mwa tundu la kati. Nusu ya sehemu iliyokatika ni nyeusi, laini, ina mistari myembamba iliyopinda kama ya ganda la kombe, na uchafu umeshaingia. Nusu nyingine inameta, ina chembechembe kama sukari. Maana yake ufa ulikuwa unatembea muda mrefu, na mimi nasimama juu yake kila siku bila kujua. Siku ile nilikuwa nimeshafika juu ya jiwe, gurudumu la mbele limeshika, nikakanyaga kulia ili nijisawazishe, na chini ya mguu hapakuwa na kitu.

Nikadhani ni hilo tu. Nikaanza kukagua bolti, na hapa ndipo damu ilipochemka. Alinitoza bolti za titani, kila moja. Titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma 7.85, alumini 2.7. Kwa hiyo bolti ambayo kwa chuma ni gramu 15, kwa titani inatakiwa iwe 8 na nusu hivi. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: 5. Nikaweka ya pili: 5. Ni alumini iliyopakwa rangi! Na moja nimeitoa wapi? Kwenye kalipa ya breki ya mbele, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Hesi zake zimeshavutika, unaona kabisa zimeachana kuelekea kichwani. Bolti ya alumini ifunge kava ya plastiki, hiyo naelewa. Kwenye breki ninayoitegemea kwenye mteremko wa mawe, huyu mtu alikuwa anafikiria nini?

Flaiwili nayo, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, aliipeleka kwenye mashine ya kukerezea, akatoa gramu 310, karibu nusu ya "faida" yote. Waendeshaji wengi wa trayali wanaongeza uzito pale! Flaiwili nzito ndiyo inayoiweka injini hai inapozunguka polepole, ndiyo inayofanya tairi lishike jiwe badala ya kukwaruza. Tangu nimeichukua, injini inazimika ghafla katikati ya kupanda miamba, na nilikuwa najilaumu mkono wangu wa klachi.

Bamba la tumbo, lile linalokinga injini kwa chini, amelitoboa pia. Matundu yanakusanya tope. Nililiosha baada ya mazoezi ya siku moja, nikalipima tope lile: limezidi kile alichokitoa.

Halafu fanya hesabu hii, mkuu yeyote mwenye tangi lililojaa. Lita 1 ya petroli ni gramu 740 hivi. Ningepunguza lita moja tu nisiyoihitaji, ningempita fundi na keekee yake bila kugusa hata skrubu.

Na msiniletee habari za Sammy Miller, yule bingwa wa trayali wa zamani. Najua aliipunguza uzito ile pikipiki yake ya Ariel ya cc 500, yenye namba ya usajili GOV 132, na akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya trayali ya siku sita huko Scotland, mwaka 1964. Lakini aliifanyia kazi miaka, kipande kwa kipande, huku mwenyewe akiiendesha. Na mwaka uliofuata alishinda tena kwa Bultaco, pikipiki iliyoundwa nyepesi tangu mwanzo. Hiyo ni tofauti na kupewa mali ya mtu ukaigeuza chujio kwa siku mbili.

Ninyi mnaoandika "noma sana" chini ya kila picha ya tundu, hakuna hata mmoja aliyeuliza tundu lile liko kwenye nini. Na mimi nilikuwa mmoja wenu.

Nimemwandikia mara nne. Nataka hela ya bolti, na nataka bolti zangu za zamani, ambazo anasema alizitupa. Jibu la mwisho: "wewe ndiye ulitaka iwe nyepesi." Natafuta flaiwili ambayo haijakerezwa na vishikio vizima, mwenye navyo anicheki inbox.

Kama pikipiki yako imepita kwa fundi wa aina hii, usipande kesho. Toa kikanyagio, futa mafuta, pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila tundu, kisha uende kwenye kalipa.