Dogo kaulizwa tunu nne za taifa, mimi baba yake nimebaki natoa macho

Baba Neema
Wakuu habari za jioni. Jana dogo wangu wa darasa la tano karudi na daftari la Historia ya Tanzania na Maadili, swali linasema taja tunu nne za taifa kisha eleza moja inavyotuunganisha. Nikaona jepesi hilo, nikamwambia andika amani, umoja, upendo, mshikamano, yaani kama nasoma kadi ya harusi. Dogo akaniangalia akasema, baba kwani Wazambia hawapendani? Nikanyamaza. Hajakaa sawa akauliza, kwani sisi kabila gani? Sasa mimi Mngoni, mama yake Mchaga wa Machame, yeye kazaliwa Mbagala, Kingoni hajui hata kuomba maji, Kichaga anajua salamu ya shimbonyi basi. Nikamwambia we Mtanzania, akasema hilo najua, nauliza kabila.

Naombeni msaada, na sio zile nne za mwalimu tu, nataka kujua kwa kweli ni kitu gani kinatufanya tuwe kitu kimoja, makabila zaidi ya 120 haya. Na msinijibu amani, hiyo nishaandika.

Kuku wa Tenga
Mkuu, za mwalimu ni rahisi, nahisi anataka zile za Katiba Inayopendekezwa ya 2014, kule zipo nne: lugha ya Kiswahili, Muungano, utu na udugu, amani na utulivu. Mwandikie dogo hizo alale.

Ila ukitaka stori yenyewe, rudi nyuma kidogo kwenye rasimu ya 2013 ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya katiba mpya, tunu zilikuwa saba. Utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Ikaingia Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma, ikatoka bila uadilifu wala uwazi wala uwajibikaji kwenye hiyo orodha. Angalia sasa kilichobaki, vyote ni vitu ambavyo mwananchi ndo anatakiwa avitunze, aongee Kiswahili, asivuruge amani, awe ndugu. Vile ambavyo mwananchi angemdai kiongozi ndo vimetolewa. Na hiyo katiba yenyewe kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015 haikufanyika mpaka leo. Kwa hiyo dogo anakaririshwa tunu za kitabu ambacho hakijawahi kuwa katiba.

Mhehe Halisi
Subirini kwanza, nani kasema Mngoni hapa? Ndo maana mtoto kakushinda swali la darasa la tano. Ungekuja kwetu Iringa tukufundishe kusoma, mababu zetu walishindwa kuwamaliza vitani basi tumebaki kuwalea.

Sasa niseme la maana. Mwaka juzi nilienda kuzika Peramiho, marehemu alikuwa jirani yangu huku mjini, Mngoni. Tumefika kaburini, watu wanalia, padri kajiandaa, nikavua viatu nikashuka shimoni nikalala chali. Nikasema huyu alinidai debe la mahindi na mimi namdai jogoo, haingii mtu humu mpaka tulipane. Mjane alikuwa hajala siku mbili, nilisikia anacheka huko juu, kacheka mpaka kashika mbavu. Wakachangishana elfu tisa, nikasema hela ndogo hizi kama akili zenu, wakaongeza kuku mmoja kilema, nikatoka na udongo mgongoni.

Hao watu babu zao na babu zangu waliuana karne ya 19, wameuana kweli sio mchezo. Leo mimi ndo nina ruhusa ya kulala kwenye kaburi lao na hakuna anayenigusa. Mpare na Mchaga hivyo hivyo, Mnyamwezi na Mzaramo hivyo hivyo. Andika utani wa makabila mzee, hayo mengine mwachie mwalimu.

Bi Mkunga wa Ng'ambo
Assalam alaykum. Mie nasoma tu nacheka, ila niulize, Mzanzibari mtani wake nani? Maana nikiwa Dar kila mtu ananiita Mpemba na mie ni mtu wa Makunduchi, Pemba nimefika mara mbili kwenye harusi.

Hiyo tunu ya Muungano msiipite mbio hivyo. Sisi skuli tulifundishwa Mwalimu alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964, picha ile kila mtu anaijua. Udongo ulichanganyika. Ila hadi leo mie nina kitambulisho cha Mzanzibari na cha taifa, bendera mbili, na ukiniuliza mie nani nitakwambia Mzanzibari, halafu nitanyamaza kidogo, halafu nitasema Mtanzania. Huko kunyamaza hapo katikati ndo kitu ambacho nyinyi wa bara hamkijui, kwa sababu Tanganyika yenu mliivua mkavaa jina jipya na hamjaikumbuka tena.

Na lugha nayo haitoshi. Shangazi yangu yuko Muscat, mtaani kwao wapo Waomani wanazungumza Kiswahili kitamu kuliko hichi cha Mbagala, na wala si Watanzania wala hawataki kuwa. Kingekuwa Kiswahili ndo uraia, basi na Lubumbashi ni kwetu.

Mzee wa Kijiweni
Binti wa Makunduchi kasema kweli, lugha peke yake haikufanya kitu. Kilichofanya ni kuhamishwa. Mimi mtoto wa Musoma, sekondari nimepelekwa Tabora, tano na sita Iringa, halafu 1985 Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Makutupora, kwa mujibu wa sheria. Kulia kwangu analala Mmakonde, kushoto Mhaya ambaye kila siku anatukumbusha kwao walisoma mapema. Saa kumi usiku afande anapiga filimbi, mnagombania mestini moja ya uji wa moto, kuruta hana kabila pale, ana njaa tu. Wale wawili mpaka leo ni ndugu zangu, mmoja ndo baba wa ubatizo wa kifungua mimba wangu. JKT ya lazima ilisimama 1994, ikarudi 2013, lakini sio wote wanaoitwa, na shule siku hizi watoto wengi wanasoma mpaka kidato cha nne mkoa wao huo huo. Sasa undugu wataupatia wapi, kwenye simu?

Ila nyie vijana msije mkadhani enzi zile zilikuwa asali tupu. Hiyo hiyo serikali iliyotuambia ndugu, 1974 ilituhamishia kijiji cha ujamaa na nyumba ya babu yangu ikachomwa moto ili asirudi. Mihogo ilikuwa bado shambani. Mzee alikufa akiwa mwanachama na kadi yake mfukoni, na hakuwahi kusamehe.

Mvuvi wa Msambweni
Jirani zenu wa Kenya tunawasoma. Hapa kwetu sensa ya 2019 niliulizwa kabila, kwenu nasikia 2022 halikuulizwa kabisa, hiyo pekee ni jibu la huyo mtoto.

Nyanya yangu Mmakonde, babu zake walikuja huku Kwale kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa. Wamezaa, wamezikwa hapa, vitambulisho hakuna. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti, hata simkadi unasajiliwa na mtu. Oktoba 2016 wakatembea kwenda Nairobi Ikulu, na 2017 ndo wakapewa, wakatangazwa kabila la 43. Nimefurahi sana siku hiyo, nyanya alikibusu kile kitambulisho. Lakini fikirieni, ili wawe Wakenya ilibidi kwanza wawe kabila. Na katiba yetu ya 2010 kifungu cha 10 imejaa tunu tele, umoja wa kitaifa upo pale mapema kabisa.

Baba Neema
Wakuu asanteni. Dogo nimemsomea yote, ya kaburini karudia mara tatu. Akaandika tatu za Kuku wa Tenga, ya nne akakataa kuandika amani, kaandika utani, na maelezo ukurasa mzima wa yule jamaa kulala shimoni na kuku kilema. Leo daftari limerudi, tatu vema, ya nne kapigwa mkasi, pembeni wino mwekundu: *utani sio tunu*. Nikamuuliza mwalimu wenu kabila gani, akasema sijui, mwalimu tu.

Mhehe Halisi
Huyo Mngoni huyo. Muulize.