Mjadala: Je, kima waendelee kupasuliwa ili mkono uliopooza ushike tena?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likiguswa watu hugawanyika na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Swali ni kama maabara ziendelee kuwapasua kima ili kujua jinsi mkono unavyofikia kitu na kukishika. Kuna wanaosema utafiti huo ni ukatili mtupu, haujawahi kumsaidia mtu. Kuna wanaosema binadamu kwanza, mengine baadaye. Kwa maoni yangu hao wa kwanza wamekosea kuhusu yaliyotokea, na hao wa pili wameliruka swali.

Tuanze na kwa nini wanatumia kima na si panya. Tazama mkono wako unapokifuata kikombe cha chai mezani. Vidole havisubiri kufika. Vinafunguka mkono ukiwa bado njiani, vinatanuka kupita upana wa kikombe, halafu vinaanza kujikunja kabla ya kukigusa. Macho yameshapima na ubongo umeshapanga. Na unapookota punje moja ya mchele kwa kidole gumba na cha shahada, kuna nyuzi za neva zinazotoka kwenye gamba la ubongo na kushuka moja kwa moja hadi kwenye seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli ya vidole. Sisi tunazo, sokwe anazo, kima wa jamii ya makaki anazo. Panya aliyekomaa hana. Kwa hiyo anayesema "si watumie panya tu" bado hajaijibu hoja ya watafiti.

Sasa twende Silver Spring, Maryland, Marekani, kwa sababu ndiko pande zote mbili hukimbilia. Mtafiti Edward Taub alikuwa na makaki 17, na baadhi yao walikuwa wamekatwa neva za hisia za mkono. Neva za kuendesha misuli ziliachwa nzima. Mnyama hausikii mkono wake, lakini uwezo wa kuusogeza anao. Ajabu ni kwamba hautumii, anauacha uning'inie. Taub na wenzake walikuwa wameonyesha, kabla ya kesi iliyomkuta baadaye, kwamba ukiufunga mkono wake mwingine ulio mzima, kima anaanza kuutumia ule uliokufa ganzi. Ina maana mkono haukuwa umeshindwa. Mnyama alikuwa amejizoeza kutoutumia.

Mwaka 1981 Alex Pacheco, mmoja wa waanzilishi wa PETA, shirika la kutetea haki za wanyama, aliingia kwenye maabara hiyo kama mtu wa kujitolea, akapiga picha. Vizimba vilikuwa vichafu, na kuna kima waliokuwa wametafuna vidole vyao wenyewe visivyo na hisia. Polisi wakavamia Septemba mwaka huohuo. Taub alitiwa hatiani kwa makosa sita, rufaa ya kwanza ikabakiza moja, na mwaka 1983 hilo nalo likafutwa kwa hoja kwamba sheria ya jimbo haikuhusu utafiti unaogharamiwa na serikali kuu. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ikakazwa mwaka 1985.

Watetezi wa maabara hutaja kilichofuata, nao wana haki ya kukitaja. Taub alihamia Alabama, akaligeuza wazo lile kuwa tiba ya waliopata kiharusi. Mkono usio na tatizo unavishwa glavu nene muda mwingi wa mchana, kwa wiki mbili, na mgonjwa anafanyishwa mazoezi ya saa nyingi kila siku kwa ule dhaifu: kushika kijiko, kufungua kifuniko, kugeuza karata. Inamfaa ambaye bado anaweza kunyanyua kifundo cha mkono na kufungua vidole japo kidogo. Jaribio la wagonjwa 222 lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha waliopewa tiba hiyo waliwapita wenzao, na nafuu ilikuwepo hata baada ya mwaka. Hilo huwezi kulifuta kwa hasira.

Lakini glavu haikuhitaji vizimba vichafu. Matokeo yaliyoizaa yalikuwa yameshapatikana kabla ya picha zile. Anayesema "tiba ipo, basi yote yalikuwa halali" anahalalisha na mateso ambayo hayakuongeza maarifa yoyote.

Na mambo yamebadilika. Mwaka 2008 huko Pittsburgh, kima waliowekewa elektrodi (vijiwaya vya kunasa ishara za neva) kwenye ubongo waliendesha mkono wa roboti wakajilisha. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba mwanamke wa Marekani aliyepooza karibu miaka 15 alijinywesha kahawa kwa mkono wa roboti alioongoza kwa ubongo wake. Bila kima wa kabla yake, hakuna daktari ambaye angethubutu kumpasua, nakubali. Ila yeye aliombwa ridhaa akaitoa, na anaweza kueleza anachosikia. Kima hawezi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo msimamo wangu: swali lolote kuhusu kushika linaloweza kuulizwa kwa mgonjwa aliyejitolea, asiulizwe kima. Kinachobaki ni kupima usalama wa kifaa kipya au tiba ya uti wa mgongo uliokatika, na hapo nitakubali pale tu ambapo njia nyingine zote zimeshindikana.

Jambo jingine linaloniuma zaidi liko kwetu. Mtu akipata kiharusi anarudishwa nyumbani, na ndugu kwa upendo wanamlisha, wanamvalisha, wanamfungia vifungo. Ule mkono dhaifu haupewi kazi yoyote, unajizoeza kukaa. Glavu ni bei rahisi. Saa za mtaalamu wa fiziotherapia ndizo hazipatikani. Wanyama waliteseka, maarifa yakapatikana, na bado mama wa kijijini hajaambiwa kwamba mkono wake ungeweza kufundishwa.

Wanaotetea maabara, nitajieni swali moja kuhusu kushika ambalo leo lazima lijibiwe kwa kumpasua kima. Na mnaotaka zifungwe zote, baba yako akiletewa ile glavu, utamwambia aivue?